Mkate wa Duc siku ya Mtakatifu Huberti

Odile, sikiliza haya. Shemeji yangu Firmin, mbele ya altare!

Juzi aliazima kwangu Duc, mbwa wa marehemu mume wangu, akawinde naye kware wa sikukuu ya Mtakatifu Huberti, msimamizi wa wawindaji. Leo kamleta kwenye baraka ya mbwa na mkanda mpya shingoni, umeandikwa FIRMIN.

Padri kauliza, "Huyu wa nani?"

"Wangu, Padri."

WANGU! Kaburi la kaka yake halijaota hata nyasi!

Nikasimama nikasema ni mwongo. Akacheka: "Shemeji, mbwa wa kuwinda utamfanyia nini? Utamfundisha rozari?" Kanisa zima likacheka. Hata mama mkwe, Odile.

Firmin akampa Duc mkate uliobarikiwa. Duc kafunga mdomo. Akamsukumia tena, mara tatu. Mjinga yule hajui kwamba marehemu alimzoesha asile kitu mpaka asikie neno letu la mezani.

Nikapiga magoti nikamwambia, "Kwa jina la Bwana." Akala wote.

Mkanda nimeuvua, nimeutia kwenye kapu la sadaka, nikarudi nyumbani na Duc.

Sasa Firmin na mama mkwe wananipigia simu, wanasubiri kware wa sikukuu niliowapika. Duc anamalizia wa nne.