Wiki Kumi za Yusra

Jumapili, 4 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Maji yameingia tena kwenye dirisha la jikoni.

Yusra amerudi na cheti chake. Wiki kumi za huduma ya dharura: kufunga jeraha, kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, kumpa oksijeni, kumbeba bila ya kumzidishia maumivu. Nimekisoma cheti mara mbili. Hakina kosa. Nimempongeza.

Kisha akatoa barua. Kituo cha magari ya wagonjwa cha mtu binafsi, Mwanakwerekwe, kinamtaka kazini Jumatatu ya tarehe 19. Nikamwuliza: na hatua ya pili? Maana hatua ya pili ni miezi tisa chuoni, pamoja na wodi ya wazazi, na mwisho wa kuandikishwa ni Jumamosi tarehe 17. Akasema, "Hiyo, Bibi, nitaisoma mbele kwa mbele."

Nimesema hapana. Mjukuu wangu hatashika roho za watu kwa robo ya elimu. Mama yake, aliyeko Mkokotoni, amesema kwa simu kwamba shauri ni langu. Yusra naye amesema hataanza kazi bila ya radhi yangu. Hakubishana. Amekwenda kupika pweza, na chumvi imezidi.

Jumanne, 6 Mei

Amekuja mwenye kituo. Kumbe ni Ahmada! Nilimsomesha darasa la sita, hakai kitini. Sasa ana kitambi na magari matatu. "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba. Ameleta halua ya Wete. Nimeipokea. Haikubadilisha neno.

Maelezo yake ni haya. Wahudumu wake wote ni wanaume. Wanafika nyumbani kwa watu, mwanamke ameanguka, mume hayupo, na mama mkwe amesimama mlangoni: hashikwi na mwanamme mtu huyu. Basi wanangoja aitwe kaka, aitwe shangazi.

"Mwezi uliopita, Mwalimu, tumengoja dakika ishirini. Ishirini! Mgonjwa tunamsikia anakoroma ndani."

Nikamwuliza kama alipona. Akaitazama kahawa yake.

"Mie sitaki daktari," akasema. "Nnataka mwanamke anayejua kumlaza mtu ubavu."

Nikasema amngoje amalize masomo. "Miezi tisa? Na wagonjwa wa miezi tisa hiyo nani anawapandia ngazi?" Nikamwambia akae vizuri kitini. Akakaa vizuri.



Alhamisi, 8 Mei

Jambo ambalo sijapata kumwambia Yusra. Mwaka 1975 nilikuwa na miaka kumi na saba. Walimu hawakutosha. Tulipewa mafunzo ya wiki sita, nikapelekwa shamba, nikakabidhiwa watoto hamsini na wanane. Mwaka mzima nilifundisha hesabu za mafungu kwa njia isiyo sahihi. Niligundua nilipokwenda chuo, mwaka uliofuata, nikiwa nimeketi dawati la mbele. Nilitaka ardhi ipasuke.

Lakini kosa langu halikuua mtu. Hiyo ndiyo tofauti. Msimamo wangu ni uleule.

Jumatatu, 12 Mei

Niandike kwa mpango.

Saa tisa na nusu alasiri. Bi Zeyana, jirani wa nyumba ya pili, anapiga kelele dirishani: "Yusra! Weye Yusra!" — "Naam!" — na mtoto ameshatoka mbio. Nikamfuata kwa magoti yangu haya.

Mkwe wake Bi Zeyana, Mwanakheri, amejifungua ghafla, juu, ghorofa ya tatu, kabla ya kuwahi kuteremshwa. Kichanga analia vizuri, amefungwa khanga. Kondo ya nyuma imeshatoka. Damu ya mama haikatiki.

Gari lilikuwa limeshaitwa, na lilikuwa la Ahmada. Limesimama barabarani, kwani vichochoro vyetu havipiti gari. Wanaume wawili wamefika kwa miguu na machela. Bi Zeyana ameziba ngazi kwa mikono miwili.

"Mtoto wa watu yuko wazi! Hapandi mwanamme hapa!"

Yule mkubwa wao, Bakar, anamsihi: "Bi mkubwa, tutafumba macho."

"Ukifumba macho utamwangusha!"

Yusra akapita chini ya mkono wake. Nami nikapita. Hazibiwi njia mtu kama mimi.

Alimlaza Mwanakheri chali, akamfunika, akamweka mtoto kifuani kwake. Bi Zeyana alitaka mkwewe akalishwe anywe uji wa pilipili manga; Yusra akasema alale, asinywe kitu. Hayo aliyasema kwa sauti. Halafu akanigeukia, akasema taratibu, "Bibi, hili hatukufundishwa."

Akampigia simu Mwalimu Maryam, mkunga anayesomesha hatua ya pili. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Mara ya tatu ikapokewa, akanipa mimi niishike. Nakumbuka kila neno: weka mkono chini ya kitovu, kandamiza, sugua kwa kuzungusha, mpaka uhisi kitu kigumu kama balungi. Usimwonee huruma. Usiwache.

Mwanakheri alipiga ukelele. "Unaniua!"

"Nitukane, dada. Nitukane sana. Lakini macho usifumbe."

Alimtukana. Sikujua kama kijana yule anayajua maneno yale.

Baada ya muda Yusra akasema kwenye simu, "Limekuwa gumu." Damu ikapungua. Tukamsitiri kwa khanga nne na buibui langu, uso pia. Ndipo Bi Zeyana alipoushusha mkono, Bakar akapanda.

 

Jumanne, 13 Mei

Mama na mtoto wazima. Alhamdulillahi. Ameongezwa damu hospitali.

Ahmada amepiga simu asubuhi. Amesema, kwa adabu, kwamba Mwalimu ameona kwa macho yake: binti ameiva. Majirani wanasema hivyo hivyo. Bi Zeyana ameleta sahani ya visheti, akambusu Yusra kichwani, akamwita daktari. Yusra hakula hata kimoja.

Jumatano, 14 Mei

Baada ya kusali magharibi aliniambia anataka kwenda chuo. Miezi tisa yote.

"Simu ya tatu, Bibi. Kama Mwalimu Maryam angekuwa yuko kwenye sala? Ilikuwa alasiri."

Nikasema, lakini alipokea.

"Mie nilikuwa nimeshika tumbo la mtu na sijui nnashika nini."

Basi nimeshinda. Hayo ndiyo niliyoyataka tangu siku ya mwanzo. Nilimwambia, vyema, kasome. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Sikumwambia lile jingine. Jumatatu saa tisa na nusu, kama angekuwa chuoni, ngazi zile angezipanda nani? Nimelifikiria tangu jana. Nalifikiria kama mtu anayesahihisha mtihani na kuona kwamba swali lenyewe lina majibu mawili.

Ijumaa, 16 Mei

Amechukua fomu. Kurasa nne, picha mbili. Ameijaza yote mezani kwangu, kwa herufi kubwa kama walivyotaka. Saini ataitia kesho akishapata chai. Anasema leo mkono umechoka. Kisha atampigia Ahmada kumweleza.

Nimemwuliza kama hakuna njia ya kusoma huku anafanya kazi. Ameniangalia sana.

"Bibi ndiwe uliyesema hapana."

Ni kweli. Nilisema.

"Sasa nimeshaamua, ndiyo unanigeukia?"

Nilimwambia sikugeuka, nimeuliza tu. Akacheka. "Hata darasani ulikuwa hivi? Maskini Ahmada!"

Jumamosi, 17 Mei

Saa nne na robo, chai mezani. Simu. Ahmada. Yusra aliiweka sauti kubwa ili nami nisikie. Mwanamke ameteleza chooni huko Fumba, kichwa kimepasuka, amelala sakafuni bila ya nguo. Gari limeshafika. Kaka yake amesimama mlangoni na hataki kusikia. Gari la pili lilikuwa linatoka Malindi tupu. Limesimama barabarani karibu na kwetu.

"Najua hujawa wangu, Yusra. Leo tu. Mwalimu, upo hapo? Leo tu."

 Yusra alinitazama mimi.

Nilisema, "Nenda." Sikuwahi hata kufikiri. Ni mimi niliyesema.

Ameondoka na ushungi mkononi. Chai imebaki kikombe kizima.

Sasa ni saa tano na dakika tano. Ameniandikia ujumbe: wamemfungulia mlango, mama yule anazungumza, wanamfunga kichwa. Hajui atarudi saa ngapi.

Na fomu iko hapa. Chuo kinafunga saa sita kamili. Nimewapigia, bwana aliyepokea amesema inaweza kuletwa na mtu yeyote, ila iwe kamili, na baada ya saa sita ni mwakani. Kwa teksi ni nusu saa. Nimeshavaa buibui.

Imekamilika yote isipokuwa mstari mmoja wa ukurasa wa nne. Saini ya mwombaji.

Naijua saini yake. Y yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina lote. Nimemkemea kwa mkia huo.

Miaka thelathini na minane nimesomesha. Nimewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuiga saini ya baba yake, na baba alipokuja kumwombea sikumsikiliza.

Kama Yusra ataanza Jumatatu, au ataanza miezi tisa ijayo, sijui. Labda hata yeye hajui, huko aliko, na damu ya mtu mikononi. Lakini nafasi ikipotea leo, hatakuwa na la kuamua tena.

Saa tano na dakika kumi na mbili.

Wameandika chini kabisa: wino wa buluu tu. Kalamu hii ninayoandikia ni nyeusi. Ya buluu ipo, niliiona jana kwenye mkebe wake wa kalamu. Nakwenda kuichukua.