Sauti ya Joos Katika Misa

Antwerp, Novemba 1576

Dada yangu Lijsbeth,

Siagi yako ilifika salama. Samahani kwa mwandiko. Mkono wangu umejeruhiwa.

Jumapili tulikuwa tukiimba ile misa ya sauti tano. Sauti moja huanza, nyingine huifuata, na mumeo Joos huzishikilia zote kwa sauti yake ndefu ya katikati. Ndipo askari wa Kihispania walioasi kwa kutolipwa mishahara wakavunja mlango wa kanisa.

“Nyamazeni, mbwa nyie!”

Tukanyamaza. Nikamnong'oneza Joos, “Shemeji, endelea. Wataona haya mbele ya altare.”

Akaendelea peke yake. Askari mmoja akamchoma upanga shingoni. Nilimpiga askari yule kwa kinara cha shaba mpaka akafa.

Joos nimemzika. Dada, mimi ndiye niliyemwambia aendelee.

Kaka yako,
Cornelis