Sauti Iliyofukizwa Ubani

Jumatatu. Jua kali, vumbi la Kibiti limelala juu ya kila kitu, na moyo wangu haujatulia.

Asubuhi, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, alishuka kwenye bodaboda mwanamke kutoka Nyamisati, Bi Zuhura, amekumbatia CPU iliyofungwa kwenye kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki. Ametoka eda juzijuzi tu. Nyumbani kaaga kwamba anakwenda kununua kitambaa.

Mumewe alikuwa mwalimu wa madrasa. Alijirekodi akisomesha herufi, kisha akaipanga mashine iwake yenyewe kila umeme unaporudi na kuanza somo, ili watoto wasikae bure akiwa shambani. Kumbe alifariki kabla mpango huo haujaanza kazi, na hakuwa amemwambia mtu.

Basi baada ya mazishi, umeme ukarudi. Kutoka chumba kilichofungwa kufuli, marehemu akaanza: alifu, be, te.

Nyumba nzima ilikimbilia uani. Mama mkwe akaagiza ubani. Kila iliposema, waliifukiza, chetezo kimewekwa pale pale inapovutia hewa, mpaka siku moja ikawaka taa, ikalia kidogo, ikazima. Mkwe ameapa ikisema tena itatupwa mtoni.

"Wao wamemfukiza kanyamaza," Bi Zuhura aliniambia. "Mimi nataka aseme, fundi. Sauti yake sina pengine."

Ufundi sikuusomea. Nilijifunza kwa kuharibu vyangu, halafu vya watu. Lakini nilipofungua kile kiboksi nilijua jini ni nani: feni imegandishwa na utomvu mweusi wa ubani, haizunguki. Mashine ilikuwa inapata joto na kujizima. Nikakwangua, nikasugua meno ya kadi ya memori kwa raba ya shule, nikawasha.

Kioo cheusi.

Nikazima, nikachomoa memori, nikairudisha kwa bismillahi. Hilo nalo halimo kwenye video za mafunzo.

Ikawaka. Nilikuwa najua kila waya uliomo mle ndani, na bado vinyweleo vilinisimama aliposema alifu. Sauti ya mtu mpole, aliyeshiba. Bi Zuhura hakulia. Alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, kama mwanafunzi.

Katikati ya somo ikakohoa. Ikasema, "Zuhura, rudishia mlango. Vumbi linaingia."

"Haya," akajibu. Akainuka, akarudishia mlango wangu.

Sikuthubutu kuufungua. Tuliketi katika joto lile, watatu, mpaka somo likaisha.

Nikamhamishia sauti kwenye simu yake. Nikamwambia sasa naondoa ule mpango wa mashine kuwaka yenyewe, asije akapata matatizo na mkwewe.

"Usiuguse."

Nikamkumbusha habari ya mto.

"Ya kwenye simu ni yangu," alisema, akiifunga tena CPU kwenye kanga. "Hii ya nyumbani ni yao."

Sikuugusa. Akapanda bodaboda, akairudisha nyumbani. Sijui kama nimetengeneza mashine au nimetia mkono kwenye ugomvi wa watu. Nadhani vyote.

Jioni hii umeme umekatika. Nimempigia rafiki yangu aliyeko Nyamisati: kwao pia hakuna. Naandika haya kwa chaji ya mwisho ya simu, na najikuta natega sikio, mimi niliye mbali namna hii.

Je, naomba umeme urudi, au naomba usirudi?