Wimbo Unaoitwa Mirere

Kwako Baba, uliyelala kando ya migomba yetu pale Chwele,

Niko Kitale. Mvua imenyesha tangu asubuhi na leo sijafundisha vizuri. Nimewapa watoto insha waandike, nami nimekaa niandike yangu. Sijui nani ataisahihisha.

Ulipenda kunicheka kwa hilo, kwamba nimekuwa mwalimu wa Kiswahili ili nipate mshahara wa kukusahihisha. Ulikuwa unasema "kurara", nami nasema, Baba, ni kulala. Ulikuwa unaniita Ririani, nami nasema ni Liliani, jina ulilonipa mwenyewe. Nawe unanijibu, "Si umesikia? Basi imefika."

Ulikuwa karani Bungoma mjini ulipoinunua ile kompyuta kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Watu walidhani ni taipureta. Kibodi nene tu, haina hata kioo chake, ukaiunganisha na TV. Wenzako wakanunua kompyuta mpya, baadaye simu kubwa kubwa, wewe ukabaki na hiyo. Iliundwa kwa michezo ya watoto, na milio yake ilikuwa ya nyuki aliyefungiwa chupani. Wewe ukaamua kwamba itaimba kama mtu.

"Hii mashini haijui kuimba," uliniambia. "Inajua tu kupandisha sauti na kushusha. Sasa mimi naipandisha, naishusha, mbio mbio, mpaka inajisahau inaimba."

Ukavuta waya kutoka kwa redio kaseti. Ukakata nyimbo vipande vipande, maana mashine yenyewe haikuweza kushika mengi. Siku gitaa lilipotoka kwenye spika, gitaa kabisa, hata vidole vikisikika vikiteleza kwenye nyuzi, nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kioo cha TV kikawa giza, nikasema imeharibika. Ukasema hapana, haina nguvu ya kuonyesha na kuimba pamoja. "Ikiimba inafunga macho. Kama mama yako."

Mama simjui. Alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilikuwa na picha yake moja, na picha haisemi. Wewe ulikuwa na kaseti aliyoimba kanisani kule Lugulu. Uliingiza wimbo mmoja kwenye kompyuta, na ulipotaka kuurudia, redio ikaumeza utepe na kuukata. Sauti yake ikabaki ndani ya diski moja tu. Na hukuniruhusu niisikie.

"Bado iko na vumbi," ulisema. "Mama yako hakuwa na vumbi kwa koo. Ngoja nisafishe."

Nikangoja. Nilimaliza shule nikingoja, nikaenda chuo nikingoja. Kila nikija nyumbani nakukuta umeinama hapo na miwani yako iliyofungwa kwa uzi, unatafuta njia nyingine ya kuifanya ile mashine iseme vizuri zaidi. Bado kidogo, unaniambia, na chai yako imepoa.

Mwezi jana ukapiga simu. Ulikuwa unahema.

"Ririani, imekuwa safi. Kuja."

Nikakuomba uweke simu karibu na spika, nisikie hata kidogo tu. Ukakataa katakata. "Simu itamharibu. Utamsikia vizuri, ama usimsikie." Nikauliza wimbo unaitwaje, ukaniambia, tukaagana mpaka Jumamosi. Alhamisi senge, dada yako, akanipigia kwamba umeanguka ukichota maji na hukuinuka.

Nimekukasirikia, Baba, nasema wazi. Wakati watu wanakusifu kaburini mimi nilikuwa nimekaa mbele, nimeshika leso, nina hasira. Ungeniwekea tu hiyo simu.

Watu walipotawanyika senge akataka ile kompyuta iende kwa wanunuzi wa vyuma. Nikamwomba angoje. Nikaipangusa, nikaiwasha, nikatia diski. Inataka jina la wimbo, herufi kwa herufi, ama haifungui. Nikaandika MILELE. Ikajibu hakuna. Nikaandika tena, polepole, ikajibu hakuna. Nikaanza kulia pale pale.

"Kwani unaandika nini?" senge akauliza.

"Milele."

"Ati?"

"Milele, senge. Ndivyo alivyoniambia."

"Aa, bana. Si huo wimbo ni Mirere."

Nilibaki nimetazama vidole vyangu. Uliniambia jina lenyewe kwenye simu, na sikio langu la ualimu likalisahihisha kabla halijaingia. Nikaandika MIRERE. Taa nyekundu ikawaka, draivu inayosoma diski ikakwaruza, na TV ikafunga macho. Nikaweka simu kando ya spika irekodi. Unisamehe.

Na mama akaimba. Ulisema kweli, alikuwa safi. Nilimsikia hata akilamba midomo kabla ya kuanza ubeti.

Wimbo ulipoisha nikataka kuurudia. Draivu ikakwaruza, ikakwaruza, taa ikabaki inawaka bila kuzima. Tangu hapo diski haisomi. Nimeileta kwa fundi hapa Kitale, akaitazama kwenye mwanga, akaniuliza kama nina nyingine.

Nimebaki na simu, na simu imemharibu, kama ulivyosema. Ama niseme nimemharibu mimi. Ukisikiliza unamsikia mwanamke anayelia kwa nguvu, na mbali nyuma yake mwingine anaimba. Anayelia ni mimi. Sikujua kama nililia hivyo. Nimemfunika mama yangu tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho, pale nilipovuta pumzi. Hapo amebaki na neno moja, peke yake, halina vumbi.

Mirere.

Kumbe hata yeye. Hukuwahi kuniambia kwamba mlisema namna moja, wewe ukaniacha tu nikusahihishe miaka yote hiyo. Nalirudia hilo neno kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na mdomo wangu bado unakataa kidogo.

Rara salama, Baba. Si umesikia? Basi imefika.

Binti yako,
Ririani