Alama Yangu ya Chaki

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua hii uisome umekaa, na mlango wa duka uurudishie kidogo, sitaki wateja wauone uso wako. Mwili wangu mzima. Mguu wa Mama unaendeleaje na baridi hili? Mchele mpya wa Chimala umeingia, au bado mnahangaika na ule wenye chenga? Simu ninayo, lakini nikipiga utasikia sauti inatetemeka, na Mama akiwa karibu hakosi kuuliza. Ndiyo maana nimempa barua dereva wa fuso la dagaa anayekuja Mwanjelwa.

Dada, mwenzio naogopa.

Ile meli niliyokwambia, iliyokaa nchi kavu miaka na miaka kwa sababu serikali iliacha kuleta fedha, sasa imekamilika. Fedha zililetwa tena, ndipo na sisi tukaajiriwa. Lakini mkuu wa karakana ametukusanya akasema wazi: hii ndiyo mara ya mwisho. Keshokutwa waziri anakuja kuiona ikishushwa majini. Ikielea, serikali itatupa meli nyingine tuunde. Ikivuja, karakana inafungwa, vyuma vinauzwa chakavu, kila mtu arudi kwao.

Hilo silo linalonitisha. Nikifukuzwa nitarudi hapo Mwanjelwa nichomelee mageti kama zamani. Kinachonitisha ni desturi ya huku. Siku ya kushusha meli, kila fundi anakaa chini kabisa, tumboni mwa meli, na tochi yake, kando ya mishono aliyoichomelea. Maji yakianza kuingia, apige kelele na aanze kuziba. Wanasema fundi anayejua atakaa pale hachomelei ovyo. Na mshono wa nani ni upi, wanajua kwa alama ya chaki. Ukiweka alama yako umeshasema: huu ni wangu, nitakaa nao.

Sasa mimi nani aliniambia? Nilipofika nilipewa grenda nisafishe kutu kwenye chumba cha mbele mle tumboni, mishono ya zamani ya mafundi walioondoka kazi iliposimama. Nikafanya kama tunavyofanya kwenye mageti ya wateja: kila nikimaliza kusafisha, naandika herufi yangu ndani ya duara, nijue nimefikia wapi. Nikaandika chumba kizima, Dada! Wenzangu wakawa wananipa mkono. "Kijana wa Mbeya ana moyo huyu!" Mimi nikadhani wanasifia usafi.

Jana tulipopangiwa nafasi ndipo nikaelewa. Chumba cha mbele, Idrisa, peke yake. Mishono ambayo sikuunguzia hata rodi moja ya kuchomelea! Na wewe unanijua, maji niliyoyazoea mimi ni ya ndoo.

Jioni nikachukua tambara lenye mafuta ya taa, nikashuka kufuta. Nimeshafuta nusu, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mzee Kalinga, yule Mhehe wa Iringa aliyenipokea na ninayeishi kwake. Miaka ile fedha zilipokatika yeye hakuondoka, alibaki akiilinda hii meli. Kifua chake kimeharibiwa na moshi, akipanda ngazi anapumzika katikati.

"Futa tu, mwanangu," akasema. "Hukujua. Hakuna atakayekulaumu."

"Sasa atakaa nani, Mzee?"

Akatoa chaki mfukoni, akainama pale nilipofuta, akaanza kuandika herufi yake.

"Mzee, ngazi tu inakushinda. Maji yakiingia utatokaje?"

"Mshono usio na mtu, meli haishuki," akasema. "Na isiposhuka, miaka yote hii nilikuwa nalinda nini?"

Wallahi nilitamani nimwachie. Nilisimama na lile tambara nikiomba aandike upesi nitoke zangu. Lakini kikohozi kikamshika, chaki ikamponyoka, akawa anaitafuta kwa kupapasa chini. Nikaiokota mimi. Nikafuta herufi yake, nikarudisha zangu zote, huku nalia kama mtoto. Yeye akawa ananimulikia tochi.

Kwa hiyo keshokutwa nitakuwa mle. Siku hiyo washa redio dukani. Watasema serikali imeiokoa karakana, utasikia ngoma na vigelegele. Mimi hawatanitaja. We jua tu nipo chini ya miguu yao, kiganja nimekibandika kwenye chuma, nasikilizia kama kinalowa. Niombee dua, Dada, na usiseme ni ya nani.

Nisalimie shemeji, mumeo, akirudi kutoka Mbalizi. Fundi wangu wa mageti, yule aliyenifundisha kuchomelea, mwambie chaki za huku si za kuchezea, atanicheka, mwache acheke. Mama mshikie mkono kwa niaba yangu, mwambie huku napaka rangi.

Dereva anasema atafika siku hiyohiyo ya meli. Basi ukinipigia nisipatikane, usianze kulia, chini kule hakuna mtandao. Subiri adhana ya magharibi. Ikipita bado sipatikani, hapo ndipo umwambie Mama.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,

Idrisa