Rangi Bado Haijakolea

Somo yangu,

Shikamoo. Nimeisikia marahaba yako, ile ndefu ya kuvuta, kama umeitoa jikoni huku mikono imejaa hina na huwezi kunipa mkono.

Nimekaa uani kwako hapa Kiegeani, karibu na mhina wako. Mvua imepita asubuhi hii na jua linatoka kwa haya. Tangu ufariki naishi kama mtu aliyeamka nusu. Juzi nilikuona kabisa: umekaa mkekani, umenyoosha miguu, unapepea mikono ya bibi harusi nisiyemjua. Nikataka kukuita, nikaona ni kanga yako tu kwenye kamba. Nilikaa nikaitazama mpaka ikakauka.

Nina habari yako. Jana tumefunua.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipopata shahada ya uzamivu kisha nikakwambia narudi ng'ambo kwa utafiti wa baada ya uzamivu? "Wenzio wakimaliza kusoma hupumzika," ulisema, "wewe ukimaliza unaanza." Nikakueleza kazi yenyewe. Kwamba darubini zimepima zilipo galaksi, nyingi zisizo na hesabu, kila moja ni mji wa nyota. Kwamba miji hiyo inazidi kuachana, tena kwa kasi inayoongezeka, na kinachoisukuma hatukijui. Tumekipa jina tu, nishati giza. Mimi nyota zenyewe wala sizitazami. Nakaa na namba zake kwenye kompyuta, nachambua wapi zimesogeleana na wapi zimepeana mgongo.

Ukasema, "Kama wanangu."

Maana mmoja yuko Dar, mmoja Mtwara, mmoja Maskati, na kila Idi salamu zao zilizidi kuwa fupi. Ndipo ukaniuliza: "Basi zitakwenda hivyo hivyo, au iko siku zitachoka?" Nikakujibu kwamba hilo ndilo tunalolitafuta. Msukumo ule usipobadilika, zitaachana milele. Ukiwa unalegea, basi hadithi ni nyingine, na mwisho wake haujui mtu.

Nikakueleza na desturi yetu. Jibu tunalifunika. Kompyuta inazisogeza namba kwa kiasi tusichokijua, ili tusije tukazivuta upande tunaoupenda. Tunakagua kila kitu, tunakubaliana kwamba hakibadilishwi tena, ndipo tunafunua wote pamoja.

"Kumbe hina!" ukasema, ukapiga goti kwa kofi. Nikacheka mpaka machozi. Nilikuwa nimewaeleza watu wengi, hakuna aliyeielewa upesi hivyo, na wewe shangazi yangu ndiye uliyenifunga mikono kwa majani na matambara nilipovunja ungo, ukaniambia anayefunua mapema hujikosesha rangi.

Lakini Somo, wewe! Moyo ulipoanza kukusumbua na pumzi ikawa fupi, kila Ijumaa ulinipigia simu. "Nichungulie kidogo tu. Pembe ya kitambaa." Wewe uliyemchapa mkono bibi harusi wa Kirongwe kwa kuchungulia! Nilikutania, kisha nikikata simu nalia. Ningetoa chochote nikupe jibu, lolote liwe. Lakini lilikuwa limefunikwa hata kwangu, na kazi ilikuwa haijaiva. Tena nilijua ulikuwa huulizi galaksi.

Simu ya mwisho hukuomba kuchungulia. Ulisema, "Iache ikauke." Nilijua unaniaga, nikajifanya sijui.

Nilifika ukiwa umeshazikwa. Wanao wote walikuja, Somo. Nyumba ilijaa, wakalala mikekani mpaka ukumbini, na yule wa Maskati, na mvi zake zile, amemwekea mguu yule wa Mtwara kama walipokuwa wadogo. Alfajiri nilipita katikati yao nikitafuta pa kukanyaga, nikatamani uamke uwaone. Walikaa mpaka hitima ya arubaini. Sasa wameondoka, lakini kila siku wanagombana kwenye simu nani apake nyumba yako chokaa. Ungewafurahia. Zamani hawakuwa na hata la kugombania.

Jana basi. Wenzangu walikusanyika chumba kimoja huko kwenye baridi, mimi hapa uani, simu nimeiegemeza kwenye kinu chako. Mtandao ulikwama, picha ikaganda, nikasikia kuku wa jirani na moyo wangu. Kisha mchoro ukatokea. Nukta ya jibu letu haikukaa pale ilipotazamiwa na wengi. Imejitenga pembeni kidogo, kama mgeni aliyekaa mlangoni.

Unaonekana unalegea, Somo. Ule msukumo. Nasema unaonekana, maana huenda namba zinatuchezea. Mkuu wetu akatuonya tusishangilie, ushahidi hautoshi. Wenzangu wakawa wanatafuta neno la kuieleza hali hiyo, na mimi neno ninalo tangu utoto wangu: rangi imeshika, haijakolea. Nikalia mbele yao wote. Wakadhani ni furaha, na furaha ilikuwamo.

Ulitaka ndiyo au hapana. Sina. Nilicho nacho ni kama rangi ya chungwa kiganjani, na hujui kesho itakuwa nyekundu au itafifia. Ungesema tupake mafuta ya nazi tungoje.

Vipimo vipya vinakuja, na navyo vitafunikwa. Tangu ufe sijatia hina, msiba haupakwi hina. Lakini siku ya kufunua ikikaribia nitarudi hapa, nitachuma mhina wako, niutwange, niufunge mkono mmoja kwa meno ikibidi. Wanao nimewaambia waje, na wameshaanza kubishana nani ataleta mchele. Mpaka siku hiyo sitachungulia.

Mungu akulaze pema, Somo yangu. Siku hiyo njoo hata kwa usingizi, ukae mkekani pako. Nitakunyooshea mkono, ufungue mwenyewe.