Hata Akifumba Macho

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, ingawa nyumbani kwangu wameshaanza, mimi ni baba wa makamo, mwenye kitambi na upara unaong'aa, msimamizi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali, yaani mtu anayelipwa kupiga kelele ndani ya mvuke, na tangu mwezi uliopita naogopa kuingia kazini kwangu mwenyewe saa sita mchana, jua likiwa utosini.

Meza ya tatu ya kukunjia ilikuwa ya mama mmoja mgeni, katoka nchi ya jirani, tulimwita Mama Kimya kwa sababu miaka kumi na moja hakuwahi kuniambia zaidi ya "ndiyo, bosi" na "bado, bosi", na alikuwa na mkunjo wake, kila shuka akilimaliza kona moja huirudisha ndani na kuibonyeza kwa kidole gumba, hata ungeliokota barabarani ungejua limetoka mikononi mwa nani. Mwaka huu ikaja sheria mpya ya vibali vya kazi, kwamba mgeni hapewi kibali kipya mpaka msimamizi wake ajaze fomu aseme kama kazi hiyo inaweza kufanywa na kijana wa hapa. Na mimi, mshauri, nina kijana wa hapa. Binti yangu ana miaka ishirini na minne, ana stashahada, na alikuwa amekaa miaka miwili sebuleni akikataa kila kazi ninayomtajia, nikimwambia mchagua jembe si mkulima ananijibu, "Baba, hilo jembe lako halina mpini, unalishika kwa meno." Basi nikajaza. Penye swali nikaandika: "Inaweza. Kijana yeyote ataifanya hata akifumba macho." Nilijiona mjanja, nikacheka peke yangu ofisini, nikagonga muhuri, na sikumwambia mtu, hata mama watoto.

Kibali kikakataliwa. Mama Kimya akakabidhi aproni yake, ofisini wakasema amekwenda kwao, mimi sikumwona akitoka getini kwa sababu nilikuwa nimejificha chooni, sikutaka tutazamane. Wiki iliyofuata binti yangu akashika meza ya tatu. Siku mbili za kwanza alilia kwa joto na kuniita mkoloni mbele za watu. Siku ya tatu akaacha kelele, na mpaka leo hanijibu ila kwa maneno machache.

Siku ya nne nikaiona kona. Ile ile, na alama ya kidole. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema, "Shuka lenyewe linataka hivyo, bosi." Bosi! Mtoto niliyembeba mgongoni! Vijana wengine wanne niliowachukua kwa kazi hiyo hiyo ya kukunja wamekimbia kabla ya chai ya siku ya kwanza, mmoja aliniaga kwa ujumbe wa simu akiwa bado ndani ya jengo, lakini wangu anakunja kazi ya watu wawili, na sisemi hivyo kwa kujisifu, nimehesabu marobota. Saa ya chakula, wote tukiwa uani, marobota mezani kwake yanaongezeka. Asubuhi anatoka nyumbani na mikate miwili na mayai manne, na yeye mayai hajala tangu utotoni, yanamtoa vipele. Nyuma ya meza yake kuna chumba cha zamani cha kukaushia, mashine ya humo ilikufa kabla mimi sijaajiriwa, ila mlango wake siku hizi ukiugusa ni wa vuguvugu. Nikaweka sikio. Nikasikia kiganja kikilainisha kitambaa, taratibu, shh, shh, na binti yangu alikuwa amesimama mbele yangu, mikono kaikunja kifuani, ananitazama.

Jumatatu ndiyo imenimaliza. Nimemkuta anakunja, macho kayafumba, na kila kona inakwenda mahali pake. Nikamwita kwa jina la nyumbani. Hakufumbua. Akasema, "Si ndivyo ulivyoandika, bosi?" Mshauri, fomu ile sikumwonyesha mtu!

Mke wangu anasema niache uchuro, mtoto kapata kazi nishukuru. Mlinzi anasema ana nondo, tuvunje mlango. Na Ijumaa ya wiki ijayo natakiwa nijaze fomu nyingine, ya mgeni wa meza ya tano. Je, nimfukuze kazi binti yangu kabla hajapotea kabisa? Ni kitu gani kimemwingia? Barua hii naiandika mara ya pili, ya kwanza niliisahau kwenye bahasha yake mfukoni mwa koti la kazi, nikalitupa koti kapuni lifuliwe, kwa hiyo itakuwa imeshageuka uji.

Ni mimi, Baba Mvuke.

MSHAURI ANAJIBU

Baba Mvuke, jibu hili nilikutumia kwa posta siku ile ile. Gazetini linatoka baada ya miezi kadhaa, na namba za meza nimezibadilisha ili mtu asitambulike.

Sikukucheka, isipokuwa penye choo. Hata mimi nimewahi kumkwepa humo mtu niliyemkosea, na nakwambia hakuna choo chenye mlango wa nyuma.

Binti yako hajaingiwa na kitu. Mzimu hauli mayai. Umeniandikia mwenyewe: chakula cha wawili, kazi ya wawili, mlango wenye joto la mtu, na mama ambaye hukumwona akitoka. Umehesabu vyote hivyo ukaogopa kujumlisha. Na fomu je? Anayenyimwa kibali hupewa nakala. Kuna mwanamke mmoja tu aliyeisoma sentensi yako, tena akiwa macho.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka kumi na moja ulisimama kando ya kazi ile ukaiona nyepesi, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwa anayeijua. Hao vijana wanne waliokukimbia ndio mashahidi kwamba ulichoandika si kweli. Na huyo wako uliyemsema mvivu sebuleni, mbona amekaa? Kapata mwalimu asiyempigia kelele.

Sasa nisikilize, na kwa leo usinijibu. Mlinzi na nondo yake wabaki getini. Kesho yake ukishaisoma hii, saa ya chakula nenda peke yako, bila funguo, ugonge mlango ule kama mgeni anavyobisha hodi. Ukifunguliwa, sema ulichoandika na sababu yake, halafu omba radhi kabla hujaanza kujitetea, maana nakujua utaanza kujitetea. Kisha iandikie ofisi ya vibali: jibu lako halikuwa la kweli, ulikuwa unamtafutia mwanao nafasi, na vijana wanne wameishindwa kazi hiyo. Weka jina lako kamili, sio Baba Mvuke. Mpeleke mama huyo, na barua hiyo, kwa mawakili wanaowasaidia wageni bure, kwani rufaa ina siku zake na wewe umezimaliza nyingi ukisikiliza mlango. Utaaibika. Huenda usimamizi ukakutoka. Fomu ya meza ya tano uijaze kwa ukweli. Na binti usimfukuze. Muulize anataka nini, ufunge mdomo mpaka amalize.

Limebaki jambo moja, nalo limeninyima raha. Barua yako ya kwanza haikugeuka uji. Ilinifikia siku tatu kabla ya hii, kavu, imenyooshwa kwa pasi, stempu juu yake. Kila neno lipo, hata penye choo. Imekunjwa mara nne, kona moja imerudishwa ndani, na alama ya kidole gumba haijafutika. Nimekunja barua za wasomaji miaka ishirini. Niliikunjua ile kona nikajaribu kuirudisha ilivyokuwa, mara sita, macho nimeyatoa, nikashindwa.

Wameisoma, ndugu yangu, binti yako na mama yule. Walikuwa na kukiri kwako mkononi, wangeweza kuipeleka barua kwa mwenye kiwanda. Wakakufulia koti, wakaituma kwangu ili ujibiwe. Jibu ndilo hilo. Wako nyuma ya mlango wa vuguvugu, wanasikiliza hatua zako. Nenda ukabishe hodi.